Jaliah na Bawa la Mumewe

Jaliah wa Wanyange, kijiji cha ziwani karibu na Jinja, alikuwa mwanamke wa kubeba. Tangu alipoolewa Jinja, kazi yake ilikuwa kununua mukene, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa juani, kutoka kwa wavuvi wa Masese, kuvitia kwenye magunia na kuvipeleka Mbale, mji aliozaliwa, ambako wateja wa mama yake walimsubiri. Gunia la mukene si zito kama la mahindi, lakini ni kubwa na linanuka, na wapakiaji wakimwona mwanamke humwambia asubiri zamu yake. Jaliah hakusubiri mtu. Aliinama, akalitia begani, akapanda nalo. Nakisige, mama mkwe wake, alizoea kusema kwamba mwanawe ameoa punda mwenye hijabu, na alisema hivyo kwa mapenzi, angalau miaka ile ya mwanzo.

Mumewe Magid alikuwa wa namna nyingine kabisa. Alikuwa Msoga mrefu, mwepesi wa miguu na mwepesi wa maneno. Ujanani aliwaongoza watalii kwa maboti ya mpira kwenye maporomoko ya Naili, na alijisifu kwamba maji yale yanamjua kwa jina. Kisha bwawa likajengwa, maji yakapanda, maporomoko yakamezwa na mto ukatulia kama maji ya beseni. Wenzake wengi waliingia kwenye bodaboda. Magid yeye alimfuata tajiri mmoja wa pale mjini, Mugweri, aliyekuwa na mpango wa kuwarusha watalii kutoka mlima Wanale, huko juu ya Mbale, kwa parashuti. Si parashuti za wanajeshi wanaoshuka kutoka ndegeni. Hili ni bawa refu la kitambaa, lenye kamba nyembamba mfano wa nyuzi za mshona viatu. Mtu analitandaza nyuma yake mlimani, anajifunga mikanda yake, analivuta mpaka limkae juu ya kichwa, kisha anakimbia kuelekea bondeni mpaka ardhi imwachie. Mugweri alimleta mzungu wa kuwafundisha, na mzungu alipoondoka, Magid ndiye aliyebaki kuwa mwalimu wa wengine.

Ilikuwa miaka mizuri. Mtoto wao Shakul alisoma Mbale akilala kwa bibi yake, na Jaliah akienda na magunia yake alimkuta mumewe hukohuko, uso umeungua jua, akisimulia mambo ya mawingu. Nyumbani walizungumza Kiswahili, kwa kuwa yeye alikuwa Mgisu na mume Msoga, na wote wawili lugha hiyo waliipata sokoni na msikitini. Majirani wazee, waliokumbuka enzi za utawala wa wanajeshi waliowaamrisha kwa Kiswahili, hawakuipenda. Walisema nyumba ya Magid inasikika kama kambi.

Magid alianguka asubuhi moja isiyo na upepo. Mtalii aliyekuwa aruke naye alitazama kile kitambaa chekundu walichokifunga kwenye mti kuonyesha upepo, akakiona kinaning'inia kama nguo iliyoanikwa, akakataa. Magid akasema basi yeye ataruka peke yake, awasubiri chini. Alikimbia. Kilichotokea baadaye Jaliah alikisikia kutoka kwa mumewe mwenyewe, hospitalini Mbale, baada ya madaktari kumwambia kwamba uti wa mgongo umevunjika na miguu haitarudi. Hapakuwa na upepo, alisema Magid. Kule juu hewa ni nyepesi, bawa halishiki kitu, na siku kama ile hakuna binadamu anayeweza kuondoka ukingoni. Alipitiliza tu, akaangukia miamba ya chini.

Jaliah aliamini. Kila aliyekuja kumpa pole aliamini. Ni kazi ya Mungu, walisema, upepo ni wake, akiuzuia nani atauleta? Mugweri alikuja Wanyange na mchele na sukari, akaja tena mara moja, kisha akawa anatuma salamu. Aliyeendelea kuja ni Timothy, askari magereza wa Mbale, mtu wa kaskazini, aliyejifunza kuruka kwa Magid na kuruka siku za mapumziko yake. Timothy ndiye aliyeokota bawa siku ile, akalikunja, akalileta mpaka nyumbani. Kamba chache tu zilikuwa zimekatika. Alizibadilisha mwenyewe akiwa amekaa kibarazani, bila kusema mengi.

Mwaka mzima Magid hakuzungumza. Si kwamba alikuwa bubu. Aliomba maji, aliomba kugeuzwa, alijibu salamu. Lakini yule Magid wa maneno hakuwepo. Jaliah alimwosha, akamgeuza ili ngozi isichubuke, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu kilichotolewa na watu wa msikitini, akaenda Masese, akaenda Mbale, akarudi, akamkuta ameelekea ukuta uleule. Usiku alimsikia akipumua kama mtu aliye macho. Alipomuuliza anawaza nini, alijibu hawazi kitu.

Ndipo siku moja mvua zilipokwisha, Magid akasema bawa litaoza. Unyevu wa ziwa unakula kitambaa kile, alisema, lazima lianikwe. Jaliah alilibeba hadi kwenye uwanja wa nyasi ulioko kati ya nyumba na ziwa, kisha akarudi kumsukuma mumewe. Akalitandaza. Magid akatazama, akakunja uso.

"Si hivyo," alisema. "Unalilaza kama shuka. Lipinde kama kiatu cha farasi, katikati iwe juu, ncha zishuke. Katikati ndipo panapotakiwa kushika hewa kwanza."

Jaliah alikuwa hajawahi kuona farasi wala kiatu chake, lakini hilo halikumshughulisha. Alikuwa ameisikia sauti. Ilikuwa ile sauti ya zamani, yenye haraka na ubishi kidogo, na alisimama pale na kitambaa mkononi, akiogopa kugeuka asije akaikatisha. Alilipinda bawa kama alivyoambiwa. Magid akamwambia atenganishe kamba, moja hadi nyingine, zisipandane. Kisha avae mikanda. Kisha, kwa kuwa ameshavaa, hebu alivute kidogo aone linavyonyanyuka.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na Jaliah hakuwa na nia yoyote ya kuruka. Alitaka mume wake azungumze. Kama Magid angerudisha sauti kwa kutwanga mihogo, Jaliah angetwanga mihogo mpaka kinu kipasuke.

Walitoka mapema, kabla upepo wa ziwa haujaamka, kwa sababu bawa likishika upepo lingemburuta mtu asiyejua. Saa hizo ziwa lililala kama kioo na hata majani ya migomba hayakutikisika. Pasipo upepo, Magid alimfundisha, mtu lazima atengeneze upepo wake kwa miguu. Jaliah alisimama katikati ya bawa, mgongo umelielekea, kamba zimenyooka bila kulegea. Mikanda ya mbele, ile inayobeba kamba za mbele za bawa, aliishika viganjani, mikono ameirudisha nyuma kama kuku anayetaka kuruka ua. Kisha akaenda. Si kwa kushtuka, kwa maana ukilivuta kwa kishindo linapanda upande mmoja na kulala. Unaliegemea kwa kifua, kama unavyoegemea gari lililokwama kwenye tope, na unaendelea kuegemea. Uzito wake utakuvuta nyuma, usiukubali. Likifika juu ya kichwa uzito utapotea ghafla, na hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanadhani kazi imekwisha. Achia mikanda ya mbele, inua macho uone limekaa sawa, kisha ndipo ukimbie kwelikweli, hatua ndefu, kifua mbele, breki, zile kamba za kuvuta nyuma ya bawa, kidogo tu mikononi.

"Utasikia wepesi miguuni," alisema Magid. "Usiruke. Usikae. Miguu iendelee kukimbia hata kama haigusi chini."

Alianguka mara nyingi. Bawa lilimwangukia kichwani kama chandarua, kamba zikamfunga, akagaagaa kwenye umande huku Magid akicheka, na kicheko hicho Jaliah alikipokea kama chakula. Wanawake wa Wanyange waliokwenda kuchota maji walisimama kumtazama, suruali imevaliwa chini ya gauni, hijabu imekazwa kwa pini. Nakisige alikuja kutoka kwake Masese kumkemea. Alisema mume mgonjwa anahitaji uji, hahitaji mke wa kukimbiakimbia uwanjani na nguo kubwa nyuma kama kichaa wa sokoni. Jaliah alimpikia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, na kesho yake akatoka tena.

Magunia ya mukene yalikuwa yamempa mapaja na mgongo. Haikuchukua msimu mzima kabla hajaweza kukimbia uwanja mzima, toka kwenye migomba hadi kwenye matete ya ziwa, na bawa limesimama juu yake kimya, halipindi. Siku ya kwanza alipofika mwisho wa uwanja hivyo, aligeuka akicheka na kumpungia mkono mumewe. Magid hakumpungia. Alisema kwamba pale ni chini. Kule Wanale hewa ni nyepesi, ni kitu kingine.

Neno hilo alilirudia mara nyingi, na kadiri Jaliah alivyozidi kujua ndivyo alivyozidi kulirudia. Ni kitu kingine kule. Mwishowe Jaliah alidhani ameelewa: mume anatamani mmoja wao afike kule tena. Akamwomba Timothy.

Timothy alimtazama sana kabla ya kukubali. Alimpeleka kwanza kwenye vilima vidogo chini ya Wanale, siku za upepo mwanana, Jaliah akishamaliza kuuza. Alianza kwa kuteleza juu ya mashamba ya maharagwe, urefu wa nyumba tu. Baada ya miezi kadhaa Timothy alimpandisha mlimani, akasubiri upepo mzuri wa kupanda, akamwachia. Jaliah aliona mji aliozaliwa ukiwa chini ya viatu vyake, minara ya misikiti, mabati, barabara ya mji wa Kumi ikienda mbali. Aliteremka akilia na kucheka kwa pamoja, akapanda gari la Jinja siku hiyohiyo ili akamwambie Magid.

Magid alimsikiliza. Aliuliza swali moja, kama kulikuwa na upepo. Jaliah akasema ndiyo, upepo mzuri tu.

"Kwa upepo hata gunia linaruka," alisema Magid, akageukia ukuta.

Kila aliporudi kutoka Mbale swali lilikuwa hilohilo. Na kila aliposema ndiyo, yule Magid wa zamani alizama tena, kwa siku nzima au wiki nzima. Jaliah alianza kuota kuhusu siku isiyo na upepo kama watu wanavyoota kuhusu mvua. Alijiambia kwamba akiruka siku kama ile, pahali palepale, basi kitu kilichofungwa ndani ya mumewe kitafunguka. Hakujua ni kitu gani. Alijua tu kwamba kimefungwa.

Magid mwenyewe ndiye aliyesema anataka kwenda naye. Walilala Mbale kwa mama yake Jaliah, na asubuhi Timothy akaja na gari, wakambeba Magid mpaka kiti cha mbele. Njia ya kupanda Wanale ni ya vumbi na kona, na kila kona Magid alifunga macho. Tangu aanguke hakuwa amefika huko. Juu, Timothy alimkalisha kwenye kiti chake pembeni ya uwanja wa kurukia, akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Chini, moshi wa Mbale ulikuwa umesimama wima, nyumba kwa nyumba. Kitambaa chekundu mtini kilining'inia.

"Shemeji, upepo haiko," alisema Timothy. "Tungoje. Jua ikipata hii mawe, upepo itapanda yenyewe."

Magid akasema hakuna kungoja. Wamekuja kwa siku kama hii. Timothy akamtazama, kisha akaenda kukaza mawe nyuma ya magurudumu.

Jaliah alitandaza bawa mahali pa mteremko mkali kidogo, palipomsaidia kupata mwendo. Alilipinda kama kiatu cha farasi. Alipitisha kamba zote mikononi. Alipokuwa akifunga mikanda ya mapajani, Magid alimwita.

"Mama Shakul," alisema kwa upole, upole ambao hakuwa ameusikia muda mrefu, "kama huwezi, sema tu. Hakuna atakayekulaumu. Siku kama hii hakuna mtu anayeweza."

Jaliah alidhani anamtia moyo kwa namna yake ya ubishi. Alimcheka, akasema Bismillahi, akaenda.

Mara ya kwanza bawa lilipanda kombo. Upande wa kushoto ulibaki nyuma, Jaliah akahisi linavyomvuta bega, akafanya kama alivyofundishwa: akasimama mapema, mbali na ukingo, akaliacha lianguke. Nyuma yake akamsikia mumewe akisema, "Umeona?" Alisema taratibu, lakini ndani ya neno hilo palikuwa na kitu kilichomfanya Jaliah ageuke. Uso wa Magid ulikuwa umekunjuka. Ulikuwa uso wa mtu aliyetua mzigo. Jaliah hakujua aufanye nini uso ule. Aliukusanya moyo wake, akarudi kutandaza.

Safari hii alichukua muda. Alisogeza ule upande wa kushoto, akasimama katikati barabara, akaegemea. Bawa likaja. Likamvuta nyuma, hakukubali. Likafika juu, uzito ukapotea, akaachia mikanda, akainua macho, akaliona limejaa kutoka ncha hadi ncha, jekundu na jeupe kwenye anga tupu. Akakimbia. Hewa ya kule kweli ilikuwa nyepesi. Alikimbia na kukimbia na miguu bado ikapiga chini kwa uzito, na hakuna aliyemsaidia, hakuna hata pumzi moja usoni isipokuwa ile aliyoitengeneza mwenyewe. Ukingo ukaonekana. Na hapo, hatua chache kabla ya ukingo, miguu yake ikamwomba kitu. Ilimwomba isimame. Macho yameona bonde na miamba, mwili wote unasema bado, haitoshi, simama. Jaliah alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba hapo ndipo Magid alipofikia. Na akajua kilichotokea hapo.

Hakusimama. Aliegemea zaidi, akakimbia hewani, mara mbili, mara tatu, ndipo mikanda ikamshika mapaja na mlima ukamwacha.

Kule juu kulikuwa kimya kuliko alivyowahi kusikia. Hakulia wala hakucheka. Alielea juu ya migomba na mabati ya watu wa Wanale, ambao walitoka nje kumtazama, akashuka kwenye shamba lililovunwa, akakimbia hatua chache, bawa likalala nyuma yake. Alikaa palepale chini bila kufungua mikanda. Mwenye shamba, bibi mmoja, alikuja akamuuliza kama ameumia, akamletea maji kwa kikombe, na Jaliah akanywa yote na kumwomba mengine.

Gari lilipofika, Magid alikuwa amekaa mbele, mikono juu ya magoti. Jaliah alisimama dirishani.

"Kumbe inawezekana," alisema Magid.

Hakusema lingine. Hakulisema Mbale walipoagana na mama yake Jaliah, wala njiani, wala walipofika Wanyange na Jaliah akambeba hadi kitandani.

Kesho yake alikataa mazoezi ya mikono aliyozoea kufanya kila asubuhi. Keshokutwa alikataa kutolewa nje. Jaliah alidhani ni uchovu wa safari. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamwambia uongo, uongo wa kwanza mkubwa wa ndoa yao: kwamba pale ukingoni alihisi upepo, kidogo sana, umemjia kutoka chini, na pasipo huo asingeondoka.

"Nilikuwa nakitazama kitambaa," alisema Magid.

Hapo ndipo Jaliah alipoelewa yote, kuanzia mwanzo wake. Kwa miaka yote hiyo mtu huyu alikuwa na kitu kimoja tu cha kushikilia kitandani pale. Hakuwa na miguu, hakuwa na kazi, marafiki walikuwa wamepungua, lakini alikuwa na hili: hakuna binadamu ambaye angeweza. Na mke wake mwenyewe, aliyemfundisha kwa ulimi wake mwenyewe, amekwenda mbele ya macho yake akamnyang'anya.

Safari iliyofuata ya Mbale alimtafuta Timothy nje ya gereza, akamuuliza alichokiona siku ile Magid alipoanguka. Timothy alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Alisema hakutaka kamwe kuulizwa.

"Alisimama," alisema. "Bawa ilikuwa sawa, mbio ilikuwa sawa. Karibu na ukingo akasimama, na mwendo ikamsukuma. Mimi pia ningesimama, shemeji. Watu wote wanasimama. Wewe ndio hukusimama."

Aliongeza kwamba Mugweri amesikia habari zake na anamtaka kazini, awarushe watalii wanawake, na kwamba wageni wangependa. Jaliah alimshukuru. Alisema hapana, afande, mwambie hapana. Timothy hakumbishia. Jaliah alimpa na bawa. Alimwambia alitumie au aliuze, lisirudi tu Wanyange.

Hata hivyo Magid hakuuliza lilikokwenda. Alipungua. Alikula akilishwa na akikataa hakubembelezeka. Jaliah alijaribu kila mlango. Alimleta shehe amsomee. Alimleta Shakul wakati wa likizo. Baba alimshika mtoto kichwa, akamuuliza masomo, akachoka. Jaliah alizima hata redio, kwa kudhani kelele zinamkera, kisha akaiwasha tena kwa kudhani ni ukimya. Mwisho Magid akamwambia mama yake kwamba anataka kuhamia kwake. Nakisige alikuja Wanyange na gari la kukodi, na wakati wa kufunga magodoro hakumtazama mkwewe usoni. Kwake yeye mambo yalikuwa wazi: mwanamke amekwenda kurukaruka mbele ya mwanaume aliyevunjika, kumwonyesha. Jaliah hakujitetea. Angejitetea kwa kusema nini? Kwamba Magid alisimama? Neno hilo aliapa kutolitoa mdomoni, na ni kweli hakulitoa, si kwa mama mkwe wala kwa mama yake mzazi.

Aliendelea kwenda Masese kila asubuhi kabla ya kununua samaki, amwoshe mumewe, kwa kuwa mgongo wa Nakisige ulikuwa umechakaa. Magid alimruhusu. Alimwachia mwili wake kama mtu anavyomwachia kinyozi kichwa. Hakumwita Mama Shakul wala jina lingine lolote. Vidonda vilianza makalioni, vikapona, vikarudi. Ramadhani ilikuja, ikapita. Siku ya Idi Jaliah alimvisha kanzu mpya, wakamsukuma mpaka mlangoni aone watu wakitoka msikitini, na watu walimpa mkono wa Idi, naye aliwajibu wote vizuri, na mlango ulipofungwa akaomba avuliwe.

Siku hiyo Jaliah hakuweza kuvumilia tena. Alikuwa amepiga magoti anamvua viatu, vile viatu vya Idi ambavyo miguu yake haikuvijua. Nakisige alikuwa jikoni anagawa pilau kwa majirani.

"Baba Shakul," alisema, "siku ile ulitaka nianguke?"

Aliweka kiatu kimoja chini, akaanza kufungua cha pili. Magid alikuwa anaangalia utosi wake.

"Sikutaka uanguke. Wallahi sikutaka," alisema. "Nilitaka usimame tu."

Jaliah alibaki ameshika mguu wake mkononi. Alingoja, labda kuna zaidi, labda sasa atalia, au atamgusa, au atamfukuza. Magid aligeuza uso ukutani. Mguu ulikuwa baridi, hivyo Jaliah aliusugua kwa viganja, ingawa mwenyewe asingeweza kuuhisi, akausugua na ule mwingine, akaifunika yote miwili kwa kanga.

Kisha alitoka nje, akamuaga Nakisige aliyemjibu bila kugeuka. Kwa mbali boti za kwanza zilikuwa zinarudi, na wanawake walikuwa wamekwisha kupanga foleni ufukweni na ndoo zao, wakisubiri mukene. Alijifunga kanga kiunoni na kushuka kwenda kujiunga nao.